Namna ya kukokotoa mpasuko wa kiini cha urani kwa mkono, na namna unavyopimwa

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa kidato cha sita au wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye ameambiwa kwamba kiini kimoja cha urani kikipasuka hutoa nishati ya takriban MeV 200, akaiandika namba hiyo daftarini na kuikariri kwa ajili ya mtihani, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha inakotoka. Namba hiyo inafikiwa kwa njia tatu zisizofanana, zote kwa kalamu, karatasi na kikokotozi cha kawaida cha sayansi, na majibu ya njia hizo hayalingani sawasawa. Naomba msomaji azipitie zote tatu kwa mpangilio nilioufuata hapa, bila kuruka, kwa sababu pale majibu yanapoachana ndipo palipo na fizikia ambayo watafiti wamekuwa wakiichimba tangu 1939 hadi leo. Neno mpasuko nalitumia kwa maana ileile ambayo waandishi wengine huiita mwatuko.

Mahitaji ni machache. La kwanza ni jedwali la tungamo za atomu, ambalo hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya kitengo cha data za nyuklia cha Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) lenye makao yake Vienna. La pili ni namba tatu ambazo ni vizuri ziandikwe juu kabisa ya ukurasa. Kipimo kimoja cha tungamo ya atomu ni sawa na MeV 931.494. Mraba wa chaji ya protoni, ukiandikwa kwa vipimo vinavyofaa kwa mambo ya viini, ni 1.44, na ukigawanywa kwa umbali ulio katika femtomita hutoa nishati katika MeV. Nusukipenyo cha kiini chenye namba ya tungamo A ni takriban femtomita 1.2 zikizidishwa kwa kipeuo cha tatu cha A. MeV moja ni elektronivolti milioni moja; atomu moja ya kaboni ikiungua katika jiko la mkaa hutoa takriban elektronivolti 4 tu, na ni vyema kuikumbuka namba hiyo ndogo wakati wote wa hesabu zinazofuata.

Njia ya kwanza: kupima kilichopungua

Chagua mpasuko mmoja mahususi, kwa maana mpasuko wa wastani haumo katika jedwali lolote la tungamo. Nyutroni ya mwendo wa polepole inaingia katika urani-235, kinaundwa kiini cha urani-236 chenye msisimko, na katika mojawapo ya njia zake nyingi kiini hicho kinapasuka kuwa bariamu-141, kriptoni-92 na nyutroni 3. Kwanza hakikisha kwamba namba zinakaa sawa: protoni 56 za bariamu na 36 za kriptoni ni 92, ambazo ndizo za urani, na jumla ya namba za tungamo pande zote mbili ni 236.

Sasa fungua jedwali. Upande wa kushoto kuna urani-235 yenye tungamo 235.04393 na nyutroni yenye 1.00867, jumla 236.05260. Upande wa kulia kuna bariamu-141 yenye 140.91440, kriptoni-92 yenye 91.92617, na nyutroni 3 ambazo kwa pamoja zina 3.02600, jumla 235.86657. Kilichopungua ni 0.18603, nacho kikizidishwa kwa 931.494 kinatoa MeV 173.3.

Kosa linalojirudia zaidi katika madaftari niliyosahihisha ni kukata tungamo kwenye nafasi ya pili ya desimali kabla ya kutoa. Anayefanya hivyo anapata upungufu wa 0.18 na nishati ya MeV 168, na hajui kwamba MeV 5 zimepotelea kwenye kalamu yake mwenyewe. Tunatoa namba mbili kubwa zilizokaribiana sana, kwa hiyo tarakimu za mwisho ndizo zinazobeba jibu lote. Swali la pili ambalo huulizwa, na ni swali zuri, ni kuhusu elektroni, kwa kuwa jedwali linatoa tungamo za atomu nzima ilhali kinachopasuka ni kiini. Jibu ni kwamba elektroni 92 zimehesabiwa kila upande, kwa hiyo zinafutana.

Lakini tuliahidiwa MeV 200, nasi tuna 173.3. Hapa wengi hukimbilia kusema kwamba 200 ni makadirio tu, wakaacha. Usiache. Bariamu-141 na kriptoni-92 zina nyutroni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo hazitulii: kwa kutoa miale ya beta hatua kwa hatua, ya kwanza inaishia kuwa praseodimi-141 na ya pili zirikoniamu-92, ambazo ni atomu thabiti. Rudia hesabu ukiziweka hizo upande wa kulia, yaani 140.90766, 91.90504 na 3.02600. Jumla ni 235.83870, upungufu ni 0.21390, na nishati ni MeV 199.2. Tofauti ya MeV 26 kati ya majibu mawili ndiyo nishati ambayo vipande huendelea kuitoa baada ya mpasuko wenyewe, mingine ndani ya sekunde, mingine baada ya saa na siku, na ndiyo sababu kinu cha nyuklia kilichozimwa bado kinahitaji kupozwa. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na antinyutrino, yaani chembe ndogo mno zisizo na chaji, ambazo hupita katika kuta na katika ardhi bila kuacha joto lolote. Kwa wastani wa mipasuko yote ya urani-235 sehemu hiyo ni karibu MeV 9.

Njia ya pili: tone linalovutwa

Njia hii ndiyo iliyowafungulia mlango Lise Meitner na mpwa wake Otto Robert Frisch wakati wa Krismasi ya 1938 huko Kungälv, Uswidi. Otto Hahn na Fritz Strassmann walikuwa wamegundua mjini Berlin kwamba urani iliyopigwa na nyutroni ilikuwa na bariamu ndani yake, na Hahn alimwandikia Meitner kumwuliza jambo hilo lingewezekanaje. Meitner na Frisch walitembea kwenye theluji wakalijadili, wakakaa juu ya gogo wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi, na picha waliyoitumia ni ya kiini kama tone la maji.

Katika tone hilo kani mbili zinashindana. Mvutano wa uso unataka tone liwe mviringo, kwa sababu mviringo ndio wenye uso mdogo kuliko umbo lingine lolote la ujazo uleule. Msukumano wa chaji za protoni unataka tone lijivute na kuachana. Nishati ya uso hukadiriwa kuwa MeV 17.8 zikizidishwa kwa A iliyopandishwa kipeo cha theluthi mbili. Nishati ya msukumano ni MeV 0.711 zikizidishwa kwa mraba wa Z na kugawanywa kwa kipeuo cha tatu cha A, ambapo Z ni idadi ya protoni. Kwa urani-236, kipeuo cha tatu cha 236 ni 6.18, kwa hiyo nishati ya uso ni takriban MeV 680 na ya msukumano ni takriban MeV 974.

Likate sasa tone hilo kuwa matone mawili yaliyo sawa. Uso wa jumla unaongezeka mara 1.26, yaani kuna gharama ya MeV 177. Msukumano ndani ya kila tone unapungua hadi jumla yake inabaki mara 0.63 ya mwanzo, yaani kuna faida ya MeV 360. Faida ukiondoa gharama ni takriban MeV 183. Hatukufungua jedwali lolote la tungamo, wala hatukujua kama vipande ni bariamu au kitu kingine, na bado tumefika karibu na jibu la njia ya kwanza. Mimi bado hufurahi kila ninapoirudia hesabu hii ubaoni.

Usiishie hapo, kwa sababu tone lina jambo jingine la kukufundisha. Ukilivuta kidogo tu bila kulikata, gharama ya uso hupanda kwa kiwango kinachotegemea mbili ya tano ya nishati ya uso, na msukumano hushuka kwa kiwango kinachotegemea moja ya tano ya nishati yake. Kwa hiyo tone hubaki imara maadamu nishati ya msukumano haijafika mara mbili ya nishati ya uso. Ukiweka namba zetu, mpaka huo ni pale mraba wa Z ukigawanywa kwa A unapofika takriban 50. Kwa risasi-208 uwiano huo ni 32.3, kwa urani-236 ni 35.9, na kwa kaliforni-252 ni 38.1. Hakuna hata kimoja kilichofika 50. Kiini cha urani kingefaidika sana kwa kupasuka, lakini kwanza lazima kipandishwe kilima cha nishati, ambacho kwa urani kina kimo cha takriban MeV 6. Hesabu kamili ya kilima hicho ilichapishwa na Niels Bohr na John Wheeler tarehe 1 Septemba 1939.

Kilima hicho ndicho kinachotenganisha isotopu mbili za urani, na hapa jedwali linarudi mezani. Urani-235 ikimeza nyutroni, tungamo ya pande mbili, ukitoa 236.04557 ya urani-236 kutoka 236.05260, inatofautiana kwa 0.00703, ambayo ni MeV 6.5. Nyutroni hiyo haikuhitaji mwendo wowote. Kule kumezwa tu kumetoa nishati inayotosha kuvuka kilima. Fanya vivyo hivyo kwa urani-238, yenye tungamo 238.05079, ikigeuka kuwa urani-239 yenye 239.05429: tofauti ni 0.00517 kwa namba hizi, yaani MeV 4.8, na kiini kinabaki chini ya kilima. Nyutroni itakayopasua urani-238 kwa urahisi lazima ije na mwendo wake wa zaidi ya MeV 1. Bohr aliitambua tofauti hii mapema 1939 alipokuwa Princeton. Urani inayochimbwa ardhini, pamoja na ile iliyo katika mto Mkuju wilayani Namtumbo, ina asilimia 0.72 tu ya urani-235, na iliyobaki ni karibu yote urani-238.

Njia ya tatu: vipande vinavyosukumana

Vipande viwili vikishaachana kila kimoja kina chaji chanya, kwa hiyo vinasukumana, na nishati ya msukumano huo inageuka kuwa mwendo. Kwa bariamu na kriptoni, zidisha 1.44 kwa 56 kwa 36, upate 2903, kisha gawanya kwa umbali kati ya vitovu vyao wakati wa kuachana.

Umbali gani? Mwanafunzi wa kawaida atachukua mipira miwili inayogusana. Nusukipenyo cha bariamu-141 kwa kanuni yetu ni femtomita 6.25, cha kriptoni-92 ni 5.42, jumla femtomita 11.7. Jibu linakuwa MeV 249. Hili ni jibu lisilowezekana, kwa kuwa njia ya kwanza imetuambia kwamba nishati yote iliyopo wakati wa mpasuko huo ni MeV 173.3. Vipande haviwezi kukimbia na nishati ambayo haipo.

Igeuze hesabu basi. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba mwendo wa vipande viwili vya urani-235 kwa wastani una takriban MeV 170. Gawanya 2903 kwa 170, utapata femtomita 17. Vitovu vya vipande vilikuwa vimeachana kwa femtomita 17 wakati uzi wa mwisho ulipokatika, si 11.7. Maana yake ni kwamba kiini hakikuvunjika kama yai linavyokatwa katikati. Kilirefuka, kikajibana katikati, kikawa kama vibuyu viwili vilivyoungana shingo kwa shingo, na shingo hiyo ndiyo iliyokatika. Vipande vilizaliwa vikiwa vimerefuka, na vinapojikunja kurudi kwenye maumbo yao ya kawaida nishati iliyokuwa katika urefu huo huwa joto la ndani, ambalo huwatoa nyutroni na miale ya gama. Kwa urani-235 na nyutroni za polepole idadi ya nyutroni hizo kwa wastani ni 2.4 kwa mpasuko mmoja. Kwa hesabu ya mistari mitatu tumejua umbo la kitu ambacho hakuna hadubini inayoweza kukionyesha.

Namna ya kupima vipande

Frisch alirudi Copenhagen, na tarehe 13 Januari 1939 akaonyesha vipande hivyo kwa chombo sahili: chemba ya ioni iliyopakwa urani upande mmoja, ikaunganishwa na amplifaya. Kipande kinachopita katika gesi hung'oa elektroni kutoka kwa atomu za gesi hiyo, chaji hukusanywa, na mpigo wa umeme huonekana. Urani hutoa chembe za alfa muda wote, lakini alfa ya urani-238 ina MeV 4.2 tu, ilhali kipande cha mpasuko kina kati ya MeV 60 na 100 hivi. Mipigo ya vipande huinuka mara 20 juu ya mipigo ya alfa, hivyo unaweka kizingiti kati ya makundi mawili na kuhesabu kinachokivuka.

Namna ya kuzisoma data za chemba ya aina hii ni kama ifuatavyo. Tabaka la urani lazima liwe jembamba mno, kwa sababu kipande husafiri takriban sehemu moja ya elfu ya sentimita tu ndani ya urani ngumu kabla ya kusimama; tabaka likiwa nene, histogramu ya mipigo huburuta mkia mrefu kuelekea nishati ndogo, na mkia huo unaweza kudhaniwa kuwa fizikia mpya. Ukiiona histogramu yenye mkia wa aina hiyo, uliza kwanza unene wa tabaka. Katika chemba zenye pande mbili, au penye vigunduzi viwili vya silikoni vinavyotazamana, vipande vyote viwili vya mpasuko uleule hupimwa kwa pamoja, na hapo ndipo kuna hesabu nzuri kuliko zote za maabara.

Kiini kilikuwa kimetulia, kwa hiyo vipande vinaondoka kwa kani mwendo (tungamo mara kasi) zilizo sawa na zinazoelekeana kinyume. Kutokana na hilo, tungamo ya kipande kimoja mara nishati yake ni sawa na tungamo ya kingine mara nishati yake. Tuseme kigunduzi cha kushoto kimeonyesha MeV 101 na cha kulia MeV 69, ambazo ndizo nishati za wastani kwa urani-235. Jumla ni 170. Chukua 236, zidisha kwa 69, gawanya kwa 170: kipande chenye kasi kubwa kina tungamo 95.8, na mwenzake ana 140.2. Umepima uzito wa viini viwili bila mizani, kwa umeme peke yake. Marekebisho mawili ni ya lazima kabla ya kuliamini jibu: vipande hupoteza nyutroni kabla ya kufika kwenye kigunduzi, na silikoni huonyesha mpigo mdogo kuliko stahili pale inapogongwa na kiini kizito, ndiyo maana maabara hurekebisha vigunduzi vyao kwa kutumia kaliforni-252, ambayo hupasuka yenyewe na ambayo vipande vyake vimepimwa mara nyingi.

Hesabu hizi zifanyike na kila mtu, lakini vipimo vyenyewe vifanyike katika maabara yenye leseni tu. Nchini Tanzania msimamizi wa vyanzo vya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), na jiwe lenye urani lililookotwa si kitu cha kuhifadhi chumbani wala cha kusagwa, kwa kuwa vumbi lake likivutwa hubaki mapafuni.

Mpasuko usiosukumwa, na makovu ya Olduvai

Mnamo 1940 Konstantin Petrzhak na Georgy Flerov waligundua kwamba urani hupasuka hata bila kupigwa na nyutroni. Ili kuhakikisha kwamba mipigo waliyoiona haikuletwa na mionzi ya anga, walikishusha chombo chao katika kituo cha treni cha Dinamo, chini ya ardhi ya Moscow, na mipigo ikaendelea kama kawaida. Kiini kinapita ndani ya kilima bila kukipanda, jambo ambalo fizikia ya kwanta inaliruhusu, ila kwa nadra sana: nusumaisha ya urani-238 kwa njia hii ni takriban miaka milioni bilioni 8.2.

Kokotoa unadra huo. Gramu moja ya urani-238 ina atomu 2.53 zikizidishwa kwa 10 kipeo cha 21. Zidisha kwa 0.693, gawanya kwa nusumaisha, upate mipasuko takriban 214,000 kwa mwaka, ambayo ni 24 kwa saa. Katika saa hiyohiyo gramu ileile hutoa chembe za alfa zaidi ya milioni 44. Hapo utaelewa kwa nini Petrzhak na Flerov walihitaji chombo cha hali ya juu na subira.

Mahali penye kumbukumbu ya mipasuko hiyo ni ndani ya mawe. Kipande kinapopita katika kioo cha volkano au katika chembe ya madini ya zirikoni huacha kovu jembamba sana lenye urefu wa sehemu moja ya elfu ya sentimita hivi, ambalo halionekani mpaka jiwe ling'arishwe na kuchovywa katika kemikali kali inayokula kovu haraka kuliko inavyokula jiwe. Chini ya hadubini makovu huonekana kama vijistari vifupi vilivyotawanyika kila upande, vingine vimelala, vingine vimesimama hata vinaonekana kama nukta. Unavihesabu. Kisha unalipeleka jiwe kwenye kinu cha nyuklia, nyutroni zinapasua urani-235 iliyomo, unahesabu makovu mapya, na kutokana nayo unajua jiwe lina urani kiasi gani. Uwiano wa makovu ya kale na mapya unatoa umri. Mikrogramu moja ya urani-238 iliyokaa miaka milioni 1.75 imepitia mipasuko takriban 374,000, kwa hiyo hakuna upungufu wa makovu ya kuhesabu.

Mnamo 1965 njia hii ilitumiwa kwenye tabaka la chini kabisa la Bonde la Olduvai, ikatoa umri wa takriban miaka milioni 2, ambao ukizingatia kiwango cha makosa unakubaliana na miaka milioni 1.75 iliyokuwa imepatikana kwa njia ya potasiamu na argoni. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kazi haikuwa nyepesi: hesabu ya makovu ya zirikoni iliyochapishwa 1976 ilitoa takriban miaka milioni 2.4 kwa jivu la volkano liitwalo KBS, na hesabu nyingine ya 1980 ikatoa takriban milioni 1.9, ambayo ndiyo iliyosimama. Kwa hiyo mwenye kuhesabu makovu aandike muda aliolichovya jiwe, joto la kemikali, na kanuni aliyoitumia kuamua kwamba nukta fulani ni kovu na nyingine ni dosari ya jiwe.

Mahali tone linaposhindwa

Rudi sasa kwenye jibu la vigunduzi viwili: 95.8 na 140.2. Tone la maji lilituambia likatwe katikati, vipande viwili vya 118 kila kimoja. Urani-235 ikipasuliwa na nyutroni za polepole hufanya hivyo kwa nadra. Ukichora grafu ya tungamo za vipande utaona vilele viwili, karibu na 95 na karibu na 140, na bonde kati yao ambalo kina chake ni karibu mara 600 chini ya vilele. Hili si kosa dogo la kurekebishwa kwa kubadili 17.8 kuwa namba nyingine. Tone halina ndani. Ni uso na chaji tu. Kiini kina ndani, kwa sababu protoni na nyutroni hukaa katika maganda, na idadi fulani, kama protoni 50 na nyutroni 82, hulijaza ganda na kukipa kiini uimara wa ziada.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, chukua grafu za tungamo za vipande kutoka kwenye hifadhi ya data iitwayo EXFOR, ambayo pia iko IAEA, uziweke juu ya nyingine kuanzia thoriamu hadi kaliforni. Kiini kinachopasuka kinakuwa kizito zaidi, lakini kilele cha kipande kizito hakihami, kinabaki karibu na 140, na uzito wote wa ziada unakwenda kwa kipande chepesi. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kipande kizito kinavutwa na bati-132, yenye protoni 50 na nyutroni 82. Vipimo vya maabara ya Darmstadt, Ujerumani, vilipoanza kuhesabu protoni za kila kipande vilionyesha kwamba kipande kizito hukaa karibu na protoni 54, si 50. Guillaume Scamps na Cédric Simenel walitoa maelezo yao 2018: bati-132 inapenda kuwa mviringo, ilhali wakati shingo inapokatika kipande lazima kiwe na umbo la kibuyu, na maganda yanayolipendelea umbo la kibuyu yako kwenye protoni 52 na 56.

Namna ya kuyaingiza maganda katika hesabu ilikuwa imeonyeshwa na Vilen Strutinsky 1967. Unalichukua tone kama lilivyo, kisha kwa kila umbo unaongeza au kupunguza nishati kulingana na jinsi maganda yalivyojaa katika umbo hilo. Matokeo yake kwa viini kama vya urani ni kwamba kilima kimoja kinakuwa vilima viwili vyenye bonde katikati. Bonde hilo likaeleza jambo lililoonekana 1962 katika maabara ya Dubna, karibu na Moscow, ambapo amerisiamu-242 katika hali fulani ilipasuka kwa nusumaisha ya sekunde 0.014 tu: ilikuwa imenaswa katika bonde, ikiwa imekwisha kurefuka nusu ya safari.

Zoezi la mwisho ni la zebaki-180. Isotopu hii ilichunguzwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia kilichoko Geneva, katika maabara ya ISOLDE, na matokeo yakachapishwa 2010. Kabla ya kusoma jibu, likadirie mwenyewe. Zebaki ina protoni 80, kwa hiyo ikikatwa katikati inatoa zirikoniamu-90 mbili, kila moja ikiwa na nyutroni 50, ganda lililojaa. Tungamo ya zirikoniamu-90 ni 89.90470, mara mbili ni 179.80940. Sasa jaribu ruteni-100 yenye 99.90421 na kriptoni-80 yenye 79.91638: jumla ni 179.82059. Upande wa zirikoniamu ni mwepesi kwa 0.01119, yaani kiini kingetoa MeV 10.4 zaidi kwa kujikata katikati, na tone na maganda yote mawili yanasema hivyohivyo. Kilichopimwa ni vilele viwili karibu na 100 na 80. Anza kutafuta sababu kwenye umbo ambalo zebaki inalo inapokuwa juu ya kilima, kabla zirikoniamu yoyote haijawepo, na chora njia ya nishati kutoka hapo kwenda chini; ulinganisho wa tungamo za mwisho, ambao ndio tulioanza nao ukurasa wa kwanza, hauifahamu njia hiyo.